Jiwe la Pili la Masuyo

Masuyo alikuwa mpika tofu, jibini laini la soya, wa kijiji chetu, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu chake. Mteja akibonyezabonyeza tofu kwa kidole, alimwambia, "Hilo ni shavu la mkeo? Nunua au niondokee." Tulimpenda hivyo hivyo.

Ila hakupita kamwe mbele ya hekalu la Mama Mbweha. Alizunguka kwa majaruba ya mpunga, hata theluji ikiwa magotini. Sisi tulidhani ni ukaidi wake tu.

Kwetu kila mjamzito huenda pale kuazima kijiwe cheupe. Husimuliwa kwamba Mama Mbweha, mbweha jike, alijigeuza binadamu, akaolewa, akazaa. Siri ilipofichuka akakimbilia msituni, akamwachia mwanawe kijiwe cha kunyonya. Ukijifungua unarudisha mawe mawili: lile uliloazima, na jingine la mtoni lililoandikwa jina la mtoto.

Mwaka huu, maua ya plamu yalipochanua, Masuyo aliniita jikoni akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na kijiwe.

"Ninacho miaka arobaini na minne," alisema. "Mwanangu aliishi siku tisa. Nikikirudisha, mwenzangu atakiazima apate mkosi wangu. Nikifa nacho, nimemwibia Mama Mbweha. Hebu niambie, we mjuaji, nifanyeje?"

Nilitaka kumkumbatia, nikauogopa ulimi wake. "Twende hekaluni tukaulize, dada," nikasema.

Mzee Okitsu, mtunza hekalu, alimsikiliza akiwa ameegemea ufagio. Masuyo alisimulia akijificha nusu nyuma yangu. Sikuwahi kumwona akimwogopa mtu.

"Alilia alipozaliwa?" mzee akauliza.

"Alilia? Majirani walikuja kulalamika."

"Basi alizaliwa kama wengine. Mbona umeleta jiwe moja?"

 Masuyo akateremka mtoni na aproni yake, akaingia majini na viatu. Alichagua muda mrefu, akitupa hili kwa kuwa lina ufa, lile kwa kuwa halina sura. Sikumharakisha.

Mzee alimpa brashi na wino. Masuyo akaandika polepole, akanikabidhi jiwe wino ukiwa bado haujakauka.

"Macho yangu hayaoni vizuri," alisema. Uongo mtupu. "Nisomee."

"Takeji," nikasoma.

Akafumba macho. "Tena," akasema. "Paza sauti kidogo."