Malengo Yao na Meza Yangu

Mambo ya malengo mwanangu aliyaleta kutoka semina ya kanisa la mkewe, kule Lubaga. Mimi ni Mwislamu, mjane wa askari, na watoto niliwalea kambini bila semina. Lakini wakati ule nilikuwa naishi kwake, na mama anayeishi kwa mwanawe hujifunza kumeza maneno.

Siku ya kwanza ya mwaka akatukalisha sebuleni, televisheni imezimwa. Kila mmoja aseme lengo lake, wengine wapige makofi. Mjukuu wa kike akasema atapunguza simu, na huku ameishika. Mkwe wangu akasema atapunguza mwili. Makofi. Mimi nilikuwa naingia na kutoka nikipakua pilau, maana malengo hayashibishi mtu.

Nikasikia mwanangu anasema, "Na lengo la familia nzima: mwaka huu Mama apumzike. Aache Owino." Makofi ya hapo yalizidi yote.

Nikasimama na sinia. "Nani kakwambia nimechoka?"

"Mama, magoti yako."

"Magoti yangu yamekupigia simu?"

Watoto wakacheka. Mkwe hakucheka. Akasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza wagonjwa, "Mama, umehangaika vya kutosha. Na meza haitapotea. Mdogo wangu ataishika."

Kumbe meza ilikuwa imeshapata mtu.

Asiyelijua soko la Owino nimweleze. Meza ile ya mashuka ya mitumba nimeikalia tangu mume wangu alipokufa. Soko lina wakubwa wake na risiti zake, sawa, lakini meza inajulikana kwa anayeikalia. Usipofungua baada ya sikukuu, majirani watakuulizia kidogo. Kisha mtu ataweka gunia lake hapo. Ukirudi, wewe ndiye mgeni. Mimi kusoma kwangu ni kwa kuokoteza. Meza ile ndiyo cheo changu, na ndiyo iliyomsomesha huyo aliyetaka kunipumzisha.

Soko lilipofunguliwa nikaenda mapema. Nikamkuta yule mdogo wa mkwe amekaa kwenye kiti changu, viatu vya watoto amevipanga juu ya meza, anacheka na muuza mapazia wa jirani.

"Karibu, jaja," akaniambia, yaani bibi.

"Nani anamkaribisha nani? Inuka."

"Lakini shemeji alisema..."

"Shemeji yako hajawahi kukunja shuka hapa hata moja. Inuka, na viatu vyako."

Muuza mapazia, ambaye tumekula ugali wa posho sahani moja miaka na miaka, akajifanya anahesabu pindo. Nikamwambia, "Na wewe ulimwona anapanga, ukafunga mdomo." Mpaka leo simsalimii.

Viatu nikaviteremsha jozi kwa jozi, mimi si mharibifu. Simu ikalia. Mwanangu.

"Mama, unatuaibisha. Si tulikubaliana?"

"Mlikubaliana nyinyi. Mimi nilikuwa napakua chakula."

"Sasa kama husikii la mtu, kwangu utakaaje?"

Nikamwambia sitakaa.

Nikapanga chumba Katwe, nyuma ya mafundi wa masufuria. Wanagonga bati kutwa nzima. Ni kelele za watu walio kazini, hazinisumbui. Magoti yananiuma kweli, lakini hilo mbele ya mwanangu silisemi.

Kabla mwezi haujaisha akaja sokoni, tai shingoni, akasimama mbele ya mashuka.

"Mama, unataka nini hasa? Niambie."

"Sema kwa mdomo wako kwamba meza hii ni yangu, na mkeo awepo asikie."

Akaanza habari za amani ya nyumba, za watoto kuniulizia. Nyuma yake mwanamke mmoja alikuwa ananyoosha shingo aone shuka la maua.

"Sogea," nikamwambia. "Unamziba mteja."

Akasogea. Nilipomaliza kulikunja shuka na kumkabidhi mwenyewe, nikageuka. Mwanangu alikuwa ameshaondoka. Neno nililomwomba bado hajalisema, na mimi bado nalala Katwe.