Dakika ya Kimya ya Mkanda wa Arobaini na Moja

"Nani kakupa ruhusa ya kufungua makasha yangu?"

"Si yako, Bambo. Ni ya redio. Yana muhuri wa redio, na panya waliozaliana humo ni wafanyakazi wa redio wasio na mshahara," Tamandani alimjibu mzee bila hata kugeuza shingo.

"Nililalamika kwa barua! Nikasema mkanda wowote wenye sauti yangu usichezwe kabla sijafika!"

"Si umefika? Basi kaa. Mama wa watu yuko njiani anatoka Zomba."

Gerevazio Namputu akavuta kiti, akakaa. Alikuwa na miaka sitini na sita, suti ya kijivu, na kifua kilichopiga filimbi tangu utotoni. Mwezi mzima sasa, redio aliyoitumikia ujana wake pale Blantyre ilikuwa ikihamishia mahojiano yake ya zamani kwenye kompyuta: mawaziri, maaskofu, wachezaji mpira, na waandishi kuliko wote, kwa sababu yeye alipenda vitabu kama wenzake walivyopenda bia. Yangerushwa upya kila Jumapili. Na huyu Tamandani, msichana wa chumba cha kumbukumbu mwenye ulimi wa wembe, akazua wazo lake: familia za waliohojiwa ziitwe zisikilize kwanza.

Wazo zuri. Gerevazio alilipokea kama mtu aliyeambiwa kaburi limechimbwa na vipimo ni vyake.

"Huo wa arobaini na moja," alisema, "umeoza. Ukiuweka utakatika."

"Niliuweka jana. Hauna hata kovu. Wewe na Mwalimu Mtambalika, nyumbani kwake, dakika ishirini na sita. Mwishoni kuna kimya tu, nikazima. Jioni nitakikata."

"Hukusikiliza mpaka mwisho?"

"Nisikilize kimya, Bambo? Nina wajomba wawili wasiosema, wananitosha."

Kimya hicho ndicho kilichomla Gerevazio miaka thelathini na minane.

Enzi zile mkanda ulikatwa kwa wembe na kuungwa kwa plasta. Palipoungwa palitaka kipande cha kimya, tena kimya cha chumba kile kile, la sivyo msikilizaji anasikia kama shimo. Kwa hiyo mahojiano yakiisha, kinasa sauti kiliachwa kizunguke dakika moja zaidi. Watangazaji wengine walikaa pale pale wamebana pumzi. Gerevazio na filimbi yake hakuweza. Yeye alitoka nje, akasimama uani akihesabu hadi sitini, ndipo akarudi kuzima. Hakufundishwa na mtu; alijibunia mwenyewe, na akajivunia. Mjinga mkubwa. Unaachaje sikio wazi ndani ya nyumba ya mtu, katika nchi ambayo watu walimtazama hata paka kabla ya kulitaja jina la Mkubwa wa Ikulu?

Siku ile aliporudi kutoka Zomba, nyumbani kwa Mwalimu, mkuu wa kitengo alikuwa akimngoja mlangoni. "Lete kama ulivyo. Usikate kitu."

Angeweza kusema betri zilikufa. Angeweza kusema mvua imeingia. Aliutoa, naye hajausikiliza. Kesho yake mkuu alikutana naye ukumbini, akampiga begani. "Kazi nzuri, Namputu. Hasa mwisho wake."

Mwisho wake ulikuwa "Asante, Mwalimu." Uzuri gani hapo?

Siku ya tisa Mwalimu Josamu Mtambalika, mtunzi wa tamthilia, akachukuliwa na askari. Alikaa gerezani miaka minne bila kesi, akatoka na kikohozi, kikohozi kikamzika. Gerevazio akapandishwa cheo. Mkanda ukarudi rafuni, naye akawa anaizunguka rafu ile kama mtu anayemkwepa mbwa mkali. Mara mbili alishika ufunguo na kufika hadi kwenye kasha. Mara mbili mkono ulikataa. Maadamu hajui, alikuwa mtu mwema aliyepitiwa na mkosi. Akijua, je?

"Odi!"

Mayi Nasibeko, mjane wa Mwalimu, aliingia na kitambaa cheupe kichwani na viatu mkononi, kwa sababu vilimbana. Akamkagua Gerevazio toka juu hadi chini.

"Ndiye huyu? Umezeeka vibaya, mdogo wangu. Redio ilikuficha."

"Nimezeeka, Mayi."

"Sote. Haya binti, nifungulie mume wangu."

Sauti ya Mwalimu ikajaa chumbani, nzito, na kicheko kimejificha ndani yake. Gerevazio wa ujana, mwenye kujipendekeza kidogo, akauliza mbona watu wa tamthilia zake wanakula sana. "Kwa sababu nikiwaacha na njaa watasema ukweli," Mwalimu akajibu, na Mayi Nasibeko akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

Gerevazio hakusikia hata nusu. Alikuwa akitazama mkanda unavyopungua upande wa kushoto. Vidole vyake alivikalia.

"Asante, Mwalimu," ilisema sauti yake. Mlango ukalia. Nyayo zikatoka. Mkono wa Tamandani ukaenda kwenye swichi.

Hapo ndipo. Hakutakiwa kufanya lolote. Mama angevaa viatu vyake na kupanda basi, jioni kompyuta ingekikata kimya, na mambo yangekwisha milele. Akamtazama Mayi Nasibeko. Alikuwa bado ameinamisha sikio, anangoja mumewe aseme tena.

"Acha," alisema Gerevazio. Filimbi ya kifua ikapanda. "Acha uzunguke."

Kimya. Jogoo, mbali. Tena kimya. Zikapita sekunde ishirini, thelathini, na Gerevazio akaanza kuamini kwamba alijitesa bure. Kisha sauti ya mwanamke, ya chini, changa:

"Ametoka?"

"Yuko uani, anayashangaa maua yako."

"Nimemfungia nsima na samaki wa chambo kwenye bakuli, ale njiani. Na lile daftari? Kaka Laitoni anasema si salama kulilaza humu ndani."

"Nimelitoa. Liko chini ya kuku anayeatamia. Nani atamwinua kuku juu ya mayai?"

Wakacheka wawili, kidogo kidogo, kama watoto walioiba sukari. Nyayo zikarudi. Tk.

Tamandani alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mayi Nasibeko alikuwa akiitazama mashine.

"Askari walikwenda moja kwa moja," alisema. "Hawakugusa kabati, hawakugusa kitanda. Bandani. Wakamrusha kuku, wakayaponda mayai, wakachukua daftari aliloandika habari za Mkubwa. Nikajua kuna mtu kasema. Na tuliojua tulikuwa watatu: Josamu, mimi, na kaka yangu Laitoni, niliyemwambia jioni ile ile."

"Mayi..." Gerevazio alianza.

"Nyamaza. Nilimfukuza msibani, mbele ya watu, nikamwita Yuda. Hakunijibu. Mkewe alipokufa sikwenda kumzika. Mpaka leo yupo Balaka, macho yamefifia, na sijampa hata salamu."

Gerevazio alisimama, akaona haifai, akakaa tena. "Niliutoa mimi. Sikuwa nimeusikiliza. Lakini waliposema lete, nilitoa. Baadaye sikuuliza, kwa sababu nililiogopa jibu. Nimeogopa tangu siku ile hadi leo asubuhi."

"Hata sasa unaogopa."

"Hata sasa."

"Vizuri. Usiache." Mayi Nasibeko akachomoa simu ndogo kifuani, akampa Tamandani. "Binti, hiyo dakika yaweza kuingia humu?"

"Inaingia, Agogo," Tamandani alimjibu bibi huyo kwa sauti ya kanisani.

"Iingize. Na wewe Gerevazio, Jumamosi unafuatana nami Balaka. Utakaa mbele ya kaka yangu, umwambie kwa kinywa chako. Mimi nitakuwa nyuma yako, maana naogopa kuliko wewe."

"Atanisamehe?"

"Nijuaje, na mwenyewe sijui kama atanipokea? Huenda akatufungia mlango wote wawili. Tutakaa nje."

Gerevazio akaitikia kwa kichwa. Mama akaanza kuvivaa viatu vyake, kimoja, halafu cha pili, polepole, kama anayejiandaa kwa safari siku ile ile. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na bakuli langu?"

"Lipo, Mayi." Gerevazio akasimama. "Lenye maua mekundu. Niliposikia Mwalimu amechukuliwa, niliona aibu kulirudisha. Liko kabatini, sijalilia chakula hata siku moja. Nitakuja nalo Jumamosi."

"La kazi gani? Nilishanunua mengine." Akakishika kitasa cha mlango. "Kaa nalo, ulilie chakula. Hilo nimekusamehe."