Wimbo wa Kuivishia Keki

Sisi tuliokulia kwenye mashamba ya wazungu pale Sitini na Nne, kama wazee walivyouita mji wa Eldoret kwa namba ya shamba lililouzaa, tulijua siku kwa harufu. Jumatatu ilinuka sabuni ya mche na mashuka yaliyochemshwa. Jumatano ilinuka krimu. Jumamosi ilinuka keki. Ukipita karibu na jiko la nyumba kubwa asubuhi ya Jumamosi, jalidi ikiwa bado nyeupe kwenye nyasi na nyayo zako zikiuma kwa baridi, harufu ya vanila ilikushika ukasimama, ukasahau ulikotumwa na aliyekutuma.

Nakumbuka nilivyosimama namna hiyo mara nyingi, ingawa mwenye harufu ile alikuwa baba yangu mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi wa shamba letu, upande wa Kapseret. Alitoka Maragoli akiwa kijana, akaanza kwa kupasua kuni, akapandishwa kuosha sufuria, na mwishowe akakabidhiwa mwiko. Hakujua kusoma. Memsahibu wa kwanza alimfundisha kwa kumwonyesha kidole: hiki, kisha hiki, kisha piga. Alichoonyeshwa mara moja hakukisahau.

Keki alizozioka zilikuwa ndogo, za kuenea kiganjani, kila moja ndani ya kikombe chake cha bati. Za vanila, za limau, za kakao, na zile za kahawa ambazo bwana mkubwa alizipenda peke yake. Alipiga siagi na sukari kwa mwiko wa mti hadi vikawa vyeupe kama sufu, akavunja mayai moja moja na kulinusa kila moja kabla ya kulitia. Ukimwambia kijana wa leo apige siagi kwa mkono nusu saa, atakuuliza kama hakuna mashine, kisha ataketi kungoja uilete. Baba alipiga huku akitembea, bakuli kwapani, akichungulia moto, akifukuza kuku wa jirani mlangoni.

Kisha kulikuwa na aisingi, ile sukari laini ya kupaka juu. Hapo ndipo tulipomwona kama mchawi. Rangi ya waridi aliikamua kutoka kwenye bitiruti. Ya manjano aliipata kwa ganda la limau alilolikwangua. Ya kahawa, kwa kahawa yenyewe, nyeusi, kijiko kimoja tu. Alichovya kisu kwenye maji ya moto, akapaka, akazungusha mara moja, akaachia, na juu ya keki pakabaki wimbi dogo lililosimama. Bakuli lililobaki lilikuwa langu. Nililirudisha likiwa safi kiasi kwamba mama alisema mimi ndiye dobi wa kweli.

Mama yangu alifua nguo za nyumba kubwa kwenye karo lililokuwa nje ya dirisha la jiko, hatua tatu tu. Na hapo ndipo penye jambo ninalotaka kuwasimulia.

Jikoni hapakuwa na saa. Ilikuwapo moja sebuleni, lakini mpishi hakuingia sebuleni bila kuitwa, na hata angeingia asingejua mishale yake inasema nini. Kwa hiyo baba aliivisha keki kwa wimbo. Alikuwa na wimbo mmoja wa kanisani wa beti tano, kwa lugha yetu, wenye kiitikio kirefu. Keki za vanila ziliiva wimbo ukiimbwa mara tatu. Za limau zilitaka mara tatu na beti mbili za ziada. Za kakao, mara nne kamili. Alifunga mlango wa oveni kwa kitambaa, akakohoa, akaanza. Dirishani mama aliitikia bila kuinua kichwa, akikamua shuka kwa mwendo ule ule.

Baba kwa asili yake alikuwa mtu wa polepole. Aliyeuendesha wimbo ni mama. Akisikia sauti inalegea alipiga nguo kwenye jiwe la karo, kama mtu anayewahimiza ng'ombe wa plau.

"Baba Rasoa, vuta ng'ombe hao. Jua linatuacha."

"Wimbo wa Mungu haukimbizwi, mama."

"Mungu hana keki ndani ya moto. Wewe unazo."

Nami nilikuwa hapo kati yao, kwenye ule ukanda wa udongo mgumu, nikiruka kamba yangu ya katani. Kila neno la kiitikio lilikuwa na mruko wake. Sikujua wakati huo kwamba hiyo ndiyo furaha. Nilidhani ni Jumamosi tu.

Mwaka nilipotimiza miaka tisa, mvua ya masika ilikaa kama mgeni asiyeaga, na mama akashikwa na kifua. Alifua siku mbili akiwa nacho. Siku ya tatu hakuamka. Bwana mkubwa alimpa baba siku nne. Tulimpeleka mama nyumbani kwa lori la mahindi, tukamzika siku ya pili, na siku ya nne jioni tulikuwa tumerudi kwenye kambi ya wafanyakazi, katika nyumba ambayo ilikuwa ya watu watatu na sasa haikujua iwe ya wangapi.

Baba hakulia mbele yangu. Aliwasha moto, akasonga ugali mwingi kupita kiasi, wa watu watatu, na tukautazama. Watoto wenzangu wa kambini, waliokuwa wakinigombania kwa ajili ya makombo ya keki, walianza kunizunguka kwa mbali, kana kwamba kufiwa kunaambukiza. Nilicheza peke yangu. Nilijifunza jinsi siku ilivyo ndefu mtu asipoitwa jina lake tangu asubuhi hadi jioni.

Jumamosi ya kwanza baada ya matanga, keki ziliungua. Si sana, chini tu. Baba alizikwangua, akazifunika kwa aisingi nene, zikapita. Jumamosi iliyofuata ziliungua juu na chini. Memsahibu aliingia jikoni akiwa na moja kiganjani.

"Mpishi, hii nini? Hii makaa."

"Pole, memsahibu. Ni kuni."

"Hapana sema kuni. Kuni ni ile ile. Jumamosi ingine wanawake nakuja kunywa chai, mashamba yote. Kama naharibu tena, natafuta mpishi mwingine. Nyumba nataka kupatia yeye."

Aliyasema bila hasira, kama mtu anayesema mvua inakuja. Nilikuwa kwenye karo, nikasikia kila neno, na nililijua neno zito kati ya hayo lilikuwa lipi. Nyumba ya kambini ilikuwa ya kazi. Kazi ikiondoka, tungekuwa barabarani na godoro letu, na baba akiwa na kipande, ile hati ya kazi ya wakati huo, kilichoandikwa maneno ambayo hangeweza kuyasoma, lakini kila mwajiri mwingine angeyasoma.

Kambini habari ilitutangulia. Mzee Kiprono, aliyekamua ng'ombe wa shamba, alipokea keki mbili zilizotupwa, akazigonganisha.

"Mpishi, hizi ni za kula au za kujengea?"

"Jengea, Mzee. Banda lako linavuja."

Watu walicheka, baba naye alicheka kidogo, na Mzee Kiprono akaona jicho lake, akaacha. Alizila zile keki zote mbili pale pale, pamoja na weusi wake, akisema ameshakula vibaya kuliko hivyo.

Wiki hiyo baba alijaribu kila kitu. Alibadilisha kuni, akaacha za mkaratusi akaleta za mti mkavu zaidi. Alipaka udongo kwenye ufa wa mlango wa oveni. Alitia karatasi ndani kupima moto, na karatasi ikageuka rangi ya chai ya maziwa, kama ilivyotakiwa. Ijumaa alioka keki tatu za kujaribia, akaimba, akazitoa. Zilikuwa zimeungua. Aliketi juu ya gogo la kupasulia kuni akizitazama kama mtu aliyesalitiwa na mkono wake mwenyewe.

Mimi nilikuwa nje na kamba yangu. Na nilikuwa nimejikwaa mara nne.

Sikuwa mtoto wa kujikwaa. Nilianza upya, nikingoja sauti yake ya jikoni ianze tena kwa keki nyingine tatu. Nikaruka kwenye neno la kwanza, nikaja chini, na neno la pili lilikuwa halijafika. Kamba ilinikata kifundo cha mguu. Nikajaribu tena. Neno halikufika. Ndipo nilipofahamu. Moto ulikuwa ule ule. Baba alikuwa akiimba kama tulivyoimba nyuma ya jeneza, hatua moja, pumziko, hatua nyingine. Yeye hakusikia. Kwake wimbo ulikuwa na urefu ule ule.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia. Enzi zetu mtoto hakumwendea mzazi na kumwambia huzuni yako inaonekana. Ingekuwa ni kumvua nguo. Usiku ule nililala nikiwa nimeibana siri hiyo kama jiwe, na kesho yake baba alipofunga mlango wa oveni juu ya dazani ya kwanza ya vanila, nilikwenda kwenye karo.

Nilichukua kitambaa cha jikoni kilichokuwa pale, nikakilowesha. Baba alikohoa, akaanza, polepole. Mwisho wa mstari wa kwanza nikaingia kwa mwendo wa mama, na kitambaa nikakipiga kwenye jiwe.

Jikoni kulinyamaza.

Niliimba ubeti wa kwanza peke yangu. Maji ya karo yalikuwa baridi mpaka vidole havikuwa vyangu. Sikuthubutu kutazama dirishani. Nilidhani amekasirika, nilidhani anakuja na mwiko. Nikaanza ubeti wa pili, nikapiga jiwe tena, na katikati ya ubeti sauti yake ikaja, nzito, imekwaruza, ikakimbilia ya kwangu hadi ikaifikia. Tuliimba mara tatu. Kisha tatu na beti mbili. Kisha nne. Keki zilitoka na rangi ya asali, dazani baada ya dazani, na nilipomaliza sauti yangu ilikuwa imekauka kabisa.

Wageni walizila zote. Memsahibu alikuja jikoni jioni, mashavu yamemwiva kwa furaha.

"Mpishi, leo nzuri sana. Lakini nani naimba kule nje? Wanawake nauliza."

Baba alimweleza. Nadhani alikuwa amechoka mno hata asiweze kutunga jambo lingine. Alimweleza wimbo, beti, na hesabu ya kila ladha. Memsahibu alicheka mpaka akashika meza, si kwa ubaya, akarudi sebuleni kuwasimulia wenzake, na tukasikia kicheko kikizunguka veranda nzima. Wiki iliyofuata alituletea saa ya mezani kutoka mjini, yenye kengele juu. Aliitia alama za rangi ya kucha kwenye kioo: moja ya vanila, moja ya limau, moja ya kakao.

"Sasa hapana haja kuimba," alisema. "Hii nasema yenyewe."

Alitutendea wema. Nimejaribu mara nyingi kuandika kwamba hakututendea wema, na kalamu imekataa. Baba hakufukuzwa. Alipika katika nyumba ile miaka mingi zaidi, nasi tukabaki kambini, nami nikapelekwa shule kwa jasho la jiko lile. Hakuunguza keki tena hata moja.

Wala hakuimba tena jikoni. Jumamosi niliketi kwenye karo nikingoja, na kilichotoka dirishani ni mlio wa saa, kisha kengele, kisha mlango wa oveni. Niliuanza wimbo mara moja au mbili mimi mwenyewe, kwa sauti ya chini, nikimpa nafasi. Hakuichukua. Kwa miaka yote ya utoto wangu iliyobaki niliamini kwamba alifurahi kupata kitu cha kumwondolea kelele zangu.

Mwaka jana nilikwenda Maragoli kumwona. Amezeeka, ameketi zaidi ya anavyotembea. Nilimwuliza, kwa kuwa sasa mimi ni mtu mzima na yeye amekuwa mwepesi wa kusema, kwa nini saa ile ilimnyamazisha.

"Haikuwa saa, mama," alisema. Huniita mama siku hizi, kama wazee wanavyowaita binti zao. "Siku ile ulipoimba karoni, nilijua ni wewe. Najua mwanangu. Lakini mpaka katikati ya ubeti wa pili sikutaka kujua; masikioni mwangu alikuwa mama yako. Nilisimama na kile kitambaa cha oveni mkononi nikasema, acha kwanza. Acha kidogo."

Aliondoa kipande cha jani gotini.

"Halafu nikakumbuka keki za watu zinaungua. Nikaimba, ili nisikie ni sauti mbili tu, yangu na yako. Sikuweza kufanya hivyo kila Jumamosi. Ile saa nilimshukuru memsahibu kwa moyo wangu wote."

Nilirudi Eldoret kwa basi. Mji wetu umekuwa mkubwa. Keki zinauzwa madukani, zimefungwa kwa karatasi ya kung'aa, na watoto wa mtaani kwetu West Indies wanazichagua kwa rangi tu, maana ladha ni moja. Vijana wanapita na redio begani zikipiga makelele, hata chooni wanaingia nazo, na ukiwaambia wazime wanakutazama kama umewaambia waache kupumua. Siwalaumu. Enzi zetu nyumba ilikuwa na nyimbo chache, na kila wimbo ulikuwa na mtu wake. Leo nyumba zimejaa nyimbo kutwa kucha, na hakuna hata mmoja utakaonyamaza mwenye kuuimba akiondoka.