Nta ya mama mkwe

Jamani, leo nimesafisha nguo mpaka nimemliza mama mkwe!

Kaniletea gauni jeupe alilovaa mume wangu akibatizwa, mwanetu naye alivae Jumapili.

Kifuani lina tone la nta. Mie na usingizi wangu wa kunyonyesha, nikaweka bahasha ya kaki juu, nikapiga pasi. Nta yote ikahamia kwenye karatasi. Safi!

Nikampelekea nikisubiri sifa.

“Mama Joshua, tone liko wapi?”

“Nimelitoa, mama.”

“Lilitoka kwenye mshumaa wa ubatizo wa mwanangu. Miaka yote nafua gauni kwa kulikwepa.”

Machozi hayo. Nikaomba msamaha.

Mara akafuta uso: “Jumapili mshumaa uuinamishe kidogo juu ya gauni.”

Sasa nyie, hapo nimesamehewa au?