Maneno Mazuri kwa Ajili ya Mbwa

Vita vilipofunga njia, mke wangu na watoto walikuwa wamekwenda kwa wazazi wake Malemba-Nkulu, nami nikabaki Kamina na mbwa. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule iliyofungwa. Mwaka mzima sikupata barua. Niliongea na mbwa hadi mama jirani akaanza kunihurumia.

Ndipo ofisa mmoja wa askari wageni, waliokuja kusaidia serikali, akampenda mbwa huyo. Alijua Kiingereza, Kiswahili hapana. Alisema kwa adabu kwamba kesho atapita kumchukua, akalinde kambi yao. Mwenye bunduki akiomba kwa adabu, ujue ameshachukua.

Kutwa nzima nilipekua kitabu changu cha misemo ya Kiingereza, nikitafuta msemo wa kumtetea mbwa wangu. “Rafiki bora wa mwanadamu” niliuacha. Huo ni wa kila mbwa, hata wa mwizi. Kuna mwingine unaomwita mpendwa tofaa la jicho. Tunda lenyewe nimeliona pichani tu, lakini mimi nani niwasahihishe wenye lugha? Nikauchukua. Nikachukua na ule wa kusema yeye ndiye dunia yangu yote. Huo niliufanyia mazoezi mbele ya mbwa mwenyewe. Mke wangu, miaka kumi na miwili, sikuwahi kumwambia hata nusu yake.

Ofisa alipofika nilisimama kama mwanafunzi kwenye mtihani, nikaitoa yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

“Mwalimu,” akasema, “nami niliacha mbwa kwetu. Kaa naye.”

Akampa mbwa kipande cha nyama ya mkebe, kumuaga. Tukashikana mikono, akaondoka. Na mbwa akaondoka naye.

Nilimwita. Aligeuka, akanitikisia mkia, akaendelea. Nilipotaka kumkimbilia, mama jirani, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani kwake, akaniita.

“Mwalimu, umuache. Kule njo kuko nyama. Kwako iko nini?”

Kwangu kulikuwa na bukari, ugali wetu, na sombe isiyo na chumvi. Niliumia, sifichi, na hasira zangu zote nilizimalizia kwenye kitabu kile, nikakitupa juu ya kabati.

Jioni nilisonga bukari. Nikamega tonge la mbwa kwanza, kama kawaida, nikabaki nalo mkononi, sijui nimpe nani.