Dizeli ya Mzee wa Kagio

Mume wangu alitaka tununue gari dogo la petroli, jeupe, kama la kila mtu pale mtaani kwetu Skuta, Nyeri. Mimi nilitaka dizeli ya zamani. Tulibishana kwa upole karibu mwezi mzima, mara nyingi tukiwa jikoni, yeye akimenya viazi na mimi nikikanda unga wa chapati, na kila alipodhani amenishinda nilimkumbusha mzigo. Kazi yangu ni kufuma masweta ya shule. Mashine zangu ziko chumba cha mbele, na shule zikikaribia kufunguliwa nasambaza masweta kuanzia Othaya mpaka Nanyuki. Gari lake dogo lingebeba magunia mawili na kukaa chini kama kuku anayetaka kutaga.

Lakini mzigo ulikuwa kisingizio. Mimi napenda injini za dizeli jinsi watu wengine wanavyopenda kwaya. Baba yangu aliendesha lori la kiwanda cha kahawa, na lori hilo lililala nje ya dirisha letu. Asubuhi za Julai, nyasi zikiwa nyeupe kwa baridi, liliamka kwa shida: likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena, mwishowe ukaja ule mngurumo mzito uliotikisa vikombe kabatini. Nikiwa chini ya blanketi niliweza kujua kama siku hiyo lori lina furaha au lina homa. Mpaka leo, dizeli nzuri ikipita barabarani naacha sindano na kutoka nje kuitazama.

"Vipuri utatoa wapi?" mume wangu aliuliza mara ya mwisho.

"Nitatafuta."

"Haya. Lakini usiniite nishike tochi."

Fundi wangu ndiye aliyenipa habari za gari la Kagio. Ilikuwa stesheni wagoni ya Kifaransa, ndefu, yenye viti safu tatu, ya aina iliyokuwa ikijaza barabara zetu nilipokuwa mtoto na ambayo siku hizi unaiona kwa nadra, kama unavyomwona mtu mliyesoma naye. Nilipiga simu, nikamwomba mwenyewe jambo moja tu: asiiwashe kabla hatujafika.

Mwenyewe alikuwa mzee mrefu, mwembamba, aliyelima mpunga Mwea maisha yake yote, kisha akajenga karibu na soko la Kagio ili asiwe mbali na kanisa na hospitali. Mke wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alimsalimia mume wangu kwa mikono miwili na kuanza kumweleza habari za gari, mpaka mume wangu akanisukuma mbele kidogo.

"Mzee, anayenunua ni huyu. Mimi nimesindikiza."

Gari lilikuwa chini ya kibanda cha mabati, limefunikwa kwa magunia ya mchele yaliyoshonwa pamoja. Alipoyavuta nikaona rangi yake, ile ya chai yenye maziwa mengi. Kabla ya kusema neno niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi. Mzee akacheka.

"Ulidhani nimeipasha moto nikudanganye?"

"Dizeli ikishapata moto, mzee, kila moja ni nzuri."

"Huyu amefunzwa na nani?" akamuuliza mume wangu, kana kwamba mimi ni ng'ombe wa maonyesho. Lakini alifurahi, niliona.

Aligeuza ufunguo nusu. Taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka, ile inayokuambia usubiri plagi zipashe moto ndani ya silinda. Hakuwa na haraka. Taa ilipozima akamalizia kuugeuza, na injini ikashika mara moja, ikatoa moshi kidogo wa kijivu, ikatulia. Nilifungua kifuniko cha oili kuona kama moshi unasukumwa juu kwa nguvu, dalili ya injini iliyochoka. Hakuna. Nikatandika gunia nikaingia chini ya gari, nguo ya kanisani na yote, na mume wangu akabaki amesimama na mkoba wangu.

Nilipotoka mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, injini imezimwa.

"Watu wamekuja hapa," alisema. "Mmoja anataka aikate nyuma iwe pikapu. Mwingine ati anataka injini peke yake, aifunge kwa poshomili. Gari yangu isage mahindi! Wewe unataka kuifanyia nini?"

"Niiendeshe."

"Na ikiharibika?"

"Niitengeneze."

"Na ikiharibika vibaya?"

"Niitengeneze vizuri."

Alipangusa usukani kwa mkono wa shati. Bei tulikubaliana bila maneno mengi. Kilichomchukua muda ni kutoka kwenye kile kiti.

Tulipanda nalo kurudi nyumbani kupitia Sagana, na kabla hatujafika Karatina likazima katikati ya mlima. Mume wangu alitia mikono mfukoni, kunikumbusha kwamba tochi hashiki. Nilifungua boneti nikaukuta mpira wa dizeli umezeeka na kupasuka, unavuta hewa. Nilikata ile sehemu mbovu, nikaurudisha, nikaibonyeza-bonyeza kwa kidole ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka ikawa ngumu. Kina mama waliokuwa wakiuza ndizi kando ya barabara walikuja kutazama. Injini iliposhika walipiga makofi, na mmoja akamwambia mume wangu, "Baba, huyo usimwache." Mume wangu akanunua mkungu mzima kwake.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Nilibadilisha mipira yote, nikapeleka nozeli zinazopuliza dizeli zikapimwe, nikarekebisha mwanya wa vali Jumamosi asubuhi injini ikiwa imelala baridi, kazi ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haikubali papara. Vipuri nilivipata kwa mfanyabiashara Mhindi mwenye duka mjini, lililofunguliwa na babu yake, anayenisalimia kwa Kikuyu safi kuliko cha watoto wangu. Alikuwa akipanda ngazi hadi rafu za juu kabisa na kushuka na kisanduku chenye vumbi, akilipuliza vumbi hilo kwa fahari. "Hii imekungoja, mama."

Na kila Jumapili baada ya ibada, mzee wa Kagio alinipigia simu.

"Mwari," alianza, kama baba anavyomwita binti yake, "gari iko aje?"

Kwanza gari. Halafu watoto, halafu mvua, halafu mume wangu, kwa utaratibu huo. Nilimweleza kila kitu, hata taa ya ndani iliyokuwa imegoma. Mume wangu alisema anajua sasa mtu anavyojisikia akiwa namba nne.

Kisha likaja pigo kubwa. Nilikuwa naelekea Nanyuki, nyuma kumejaa masweta ya kijani, na nilipopita Naro Moru mshale wa joto ukapanda ghafla. Nilisimama. Mvuke mweupe ulitoka, wenye harufu tamu tamu ya maji ya redieta, na harufu hiyo naijua: injini inachemsha maji yake yenyewe. Gari lilirudi Nyeri likivutwa kwa kamba. Fundi alifungua silinda hedi, kile kichwa cha chuma kinachofunika injini, akakiosha kwa mafuta ya taa na kunionyesha ufa kati ya vali mbili, mwembamba kama unywele.

"Hii haichomelewi," alisema. "Ukichomelea itarudi."

Mhindi wangu alipiga simu Nakuru, akapiga Mombasa, akawapigia jamaa zake wote huku mimi nimekaa kwenye kigoda mbele ya kaunta. Mwisho akaweka simu chini. "Mama, hii kitu imekwisha nchi hii," alisema, na akaagiza chai ili tuinywe pamoja kama watu waliofiwa.

Majirani wakaanza kunipa pole kwa sauti ya kuulizia kama linauzwa. Mtu mmoja wa Karatina alituma ujumbe: yuko tayari kuchukua kilichobaki. Usiku mmoja mume wangu aliniambia, bila kejeli yoyote, "Umelitunza vizuri. Hakuna atakayesema hukujaribu." Nilitamani angenicheka. Upole wake ndio ulionifanya nilie.

Jumapili ilipofika simu ikalia na sikuweza kuishika. Ningemwambia nini mtu yule? Mume wangu akaitazama inavyotetemeka mezani, akaichukua, akatoka nayo barazani. Nilimsikia akieleza: Naro Moru, mvuke, ufa. Kisha akarudi ndani akiwa na uso wa mshangao.

"Amesemaje?"

"Hajasema. Amekata."

Siku mbili baadaye pikapu iliyobeba mchele ilisimama mbele ya lango letu. Mzee alikuwa mbele karibu na dereva, na suti yake ya kanisani, na miguuni pake kulikuwa na kitu kizito kilichofungwa kwa magunia. Mume wangu na dereva walikishusha wakipumua kwa shida. Mzee akainama, akafungua kamba moja moja, akafunua silinda hedi, kavu, imepakwa grisi kila mahali, haina hata alama ya kutu.

Nilipata furaha kwanza, halafu hasira, zikafuatana karibu sana.

"Mzee, ulikuwa nayo hii?"

"Niko na injini mzima kwa stoo. Nilinunua zamani, iwe akiba. Mama yenu alinigombeza sana, ati nimeweka chuma mahali pa kuweka mchele."

"Na mbona hukuniambia siku ile?"

Alikunja kamba polepole kabla ya kujibu.

"Ningekupa siku ile, mwari, nani alijua wewe ni nani? Ungeuza gari, halafu uuze na injini, upate faida mara mbili. Nilitaka kwanza nijue kama wewe ni mtu wa kukaa na kitu."

"Na sasa umejua?"

"Bwana yako ameniambia umelia."

Nilimgeukia mume wangu, naye akajifanya anachunguza lango.

Mzee alikaa kwetu mpaka kazi ilipokwisha, kwa sababu alikataa kuondoka bila kusikia injini. Skuta ilimtesa kwa baridi. Watu wa Mwea wamezoea joto, na suti yake haikumsaidia kitu, kwa hiyo nilimpa sweta kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo, ya rangi ya damu ya mzee, yenye mistari ya manjano mikononi. Alishinda kwa fundi akiwa ameivaa, kwenye kiti cha plastiki, kama mwanafunzi aliyerudia darasa miaka sitini, akimwambia fundi akaze nati taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni, jambo ambalo fundi alilijua na akalivumilia. Jioni alikula githeri yetu ya mahindi na maharage nyumbani, akawafundisha watoto wangu jinsi ya kufukuza ndege shambani kwa kelele, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna tatizo.

Gari lilipowaka, alisimama karibu na bomba la moshi, ameinamisha kichwa, akisikiliza.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

Tulimrudisha Kagio sisi wenyewe, asubuhi ambayo mlima ulikuwa wazi kabisa, theluji yake yote nje. Nilimpa ufunguo aendeshe. Akanirudishia.

"Macho siyo ya zamani. Endesha."

Mume wangu akaingia nyuma, na mzee akakaa mbele kushoto. Aliuvuta mkanda, akaangalia kisanduku cha mbele yake, akakifungua na kukifunga. Tulikuwa tumepita Marua ndipo nilipotambua kwamba hajasema kitu. Uso wake ulikuwa dirishani, upande wa mlima.

"Mzee, uko sawa?"

"Unajua sijawahi kukaa upande huu," alisema. "Tangu ninunue hii gari, mimi ni usukani tu, ninaangalia barabara. Hapa ni mama alikuwa anakaa. Tukitoka Nyeri kuuza mchele alikuwa ananiambia, ona mlima, ona mlima. Mimi ninamwambia, niache niendeshe." Alipitisha kidole kwenye kioo. "Kumbe alikuwa anaona haya yote."

Nilipunguza mwendo. Malori yalitupita, matatu zikatupigia honi, na mume wangu, ambaye kwa kawaida hunihimiza, akahamia dirisha la nyuma la upande wa mlima. Tuliteremka namna hiyo hadi Karatina, kisha Sagana, na tulipokata kuelekea Kagio mlima ulikuwa bado upande wake, mbali zaidi sasa, na wingu la kwanza limeanza kuugusa. Aliutazama mpaka nyumba zikauficha.

Kwake alitupa uji, kisha akatupeleka stoo. Injini iliyobaki ilikuwa juu ya mbao, na alisisitiza tuibebe siku hiyo hiyo, na kisanduku cha giya, na redieta, na taa mbili za mbele zilizofungwa kwa magazeti. Sweta hakuitoa, nasi hatukuiulizia. Gari lilikaa chini kwa uzito lakini halikulalamika.

Sagana tulisimama kununua samaki wa kukaanga, tukawala tukiwa tumeegemea boneti yenye joto, mafuta yakitutiririka vidoleni. Mume wangu alikuwa anafikiri, nilimwona.

"Ile banda ya kuku," alisema mwishowe.

"Imefanyaje?"

"Nikitoa kuku upande mmoja, nikaweka mbao chini, injini itaingia. Redieta tutaitundika. Hizo taa zisikae baridi, zitaingia unyevu, tuweke chini ya kitanda." Alilamba kidole, akatazama ndani ya gari kama mtu anayepima kabati. "Na huyo Mhindi wako, hebu umuulize kama anaweza kupata mlango wa nyuma. Huu umeanza kuoza pale chini."