Nyumba ya Kamba Niliyoiangusha

Mimi ni fundi wa mawe, na kwa miaka mingi hapa Migori nimewagombeza watu kwa jambo moja: msingi. Mwenye kiwanja akiniambia tusichimbe sana kwa sababu anataka kuhamia kabla ya Krismasi, namwambia atafute fundi mwingine. Kwa hiyo ninalosimulia hapa ni aibu yangu mwenyewe, na ruhusa ya kunicheka nimeitoa.

Jirani yangu sokoni ni mzee kutoka Pwani, muuza vitambaa. Ndani ya duka lake kuna tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na humo wanaishi wawili tu: kamba mdogo mwenye gando moja kubwa, na samaki wa manjano asiyezidi kidole changu. Kamba haoni vizuri, lakini huchimba tangu asubuhi hadi jioni, akisukuma mchanga nje kama kibarua asiyejua mapumziko. Samaki hachimbi hata punje. Kazi yake ni kusimama mlangoni. Kamba akitoka, huweka sharubu lake juu ya mkia wa samaki. Mkia ukitikisika, wote wawili shimoni! Mimi nimezaliwa Homa Bay, ambako samaki akitazamwa sana ni kwa sababu mafuta hayajapata moto. Nilianza kwa kucheka, mwisho nikawa nanywa chai yangu hapo kila siku.

"Omera, ndugu yangu, hii hata mchuzi haiwezi," kijana mmoja wa bodaboda aliwahi kuniambia. "Sasa mtu anafuga samaki ya nini?"

Mzee alipokwenda kwao kumwoza binti yake, alifunga duka akanipa ufunguo.

"Ndugu yangu fundi, hawa ni amana," alisema. "Walishe. Maji yakipungua ongeza yasiyo na chumvi, kwani chumvi yenyewe haiendi popote."

Siku tatu niliwalisha tu. Siku ya nne mikono ikaniwasha. Pembeni mwa tangi kulikuwa na mawe matatu yamelala ovyo, nikaona nimjengee mzee baraza mbele ya shimo lao, akirudi ashangae. Mawili nikayasimamisha juu ya mchanga, la tatu, lililo bapa, nikalilaza juu yake. Nikaweka na pima maji; kiputo chake kikatulia katikati kabisa. Nikajisifu kwa sauti.

Kesho yake asubuhi nilikuta baraza liko chini. Kamba alikuwa amechimba mpaka chini ya nguzo zangu, jiwe bapa limeanguka na kuziba mlango. Samaki alikuwa nje. Kamba hakuonekana. Kosa nililiona papo hapo: chini ya mchanga ule kulikuwa na kioo kigumu, na mawe yalitakiwa kukaa juu ya kioo kwanza, mchanga ufuate. Nilikuwa nimejenga bila msingi, tena kwenye kiwanja cha mchimbaji!

Kuinua jiwe sikuthubutu, mchanga ungeporomoka wote. Nikiwa bado nimeduwaa, simu ikalia. Alikuwa mzee, na nyuma yake vigelegele.

"Wangu hawajambo?"

"Hawajambo wote," nikasema.

Uongo ule ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki ngege. Sikwenda kazini. Mteja wangu wa Magunga alipiga simu mara tatu, sikuipokea. Samaki hakugusa chakula; alisimama mbele ya jiwe, hasogei. Nikamwomba msamaha kwa Dholuo, maana kwa Kiswahili sijui kuomba msamaha vizuri. Niliogopa kweli.

Kesho yake mchana nilisikia pa! Nilidhani kioo kimepasuka. Kumbe ni lile gando, ndivyo linavyolia. Nyuma ya jiwe mchanga ukatumbuka, gando likajitokeza likisukuma mzigo wake kama kawaida. Samaki akalizunguka jiwe mbio, akasimama kwenye mlango mpya, na sharubu likamgusa mkia. Nikapiga makofi peke yangu dukani, machozi yananitoka, mtu mzima mwenye wajukuu.

Mzee aliporudi alilitazama tangi kwa muda mrefu.

"Mlango ulikuwa upande huu," alisema.

Ningeweza kusema wamehama wenyewe. Ulimi ulikuwa tayari.

"Mzee wangu, niliwaangushia nyumba," nikasema. "Niliweka mawe juu ya mchanga. Na siku ile ya simu nilikudanganya."

Alivua koti lake, akalitundika, akanisogezea kiti.

"Huyu ni kamba wa pili," alisema. "Wa kwanza nilimuua hivyo hivyo, kwa jiwe juu ya mchanga. Watoto wangu niliwaambia amekufa kwa uzee. Mpaka leo sijamwambia mtu."